Mji wa Bagamoyo na Kazi ya Kuutunza

Hotuba iliyosomwa mbele ya waalimu na watu wa parokia katika siku za Yubilei



Nimeombwa niseme juu ya mji wa Bagamoyo, tena si juu ya habari zake za kale tu, bali juu ya kuutunza. Nashukuru kwa kazi hii. Maana katika siku za Yubilei twapenda kuhesabu miaka na kutaja majina ya waliotutangulia, kisha twarudi nyumbani, na mvua ya masika yaangusha ukuta wa nyumba ile ile tuliyoitaja.

Mji huu uko ukingoni mwa bahari, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi. Si mji mkubwa. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuizunguka sehemu yake ya mawe kabla jua halijawa kali. Kabla ya huu ulikuwako mji mwingine, Kaole, upande wa kusini, mwendo wa kilometa 5. Pale yako magofu ya misikiti miwili na makaburi yenye nguzo, na msikiti mmoja wahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Bandari ya Kaole ilijaa matope na mikoko, vyombo vikashindwa kufika, watu wakahama. Nawaomba waalimu wawapeleke watoto Kaole kwanza, kabla ya kuwaonyesha jambo lolote la Bagamoyo, wapate kuona kwa macho yao ya kuwa mji waweza kufa.

Bagamoyo ulikua kwa njia ya misafara. Katika karne ya 19 njia kubwa ya kwenda Tabora na Ujiji ilianza hapa, na hapa ndipo ilipokwisha kwa wale watokao bara. Maelfu ya wapagazi walifika kila mwaka wakichukua pembe za ndovu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru, waliokuja kwa ujira. Pamoja nao waliletwa watumwa, ambao hawakuja kwa hiari wala kwa ujira. Jina la mji lasemwa kuwa latoka katika maneno bwaga moyo. Wengine hulifasiri kuwa ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Wengine husema ni furaha ya mpagazi aliyeutua mzigo wake baada ya miezi mingi ya njia. Waalimu wengi hufundisha fasiri ya kwanza peke yake, kwa sababu yagusa moyo zaidi. Mimi naona haifai kumnyima mpagazi sehemu yake. Yeye naye alikuwa mtu wa mji huu kila mwaka, akala, akacheza ngoma, akanunua nguo, na kwa fedha yake nyumba nyingi za mawe zilijengwa.

Mwaka wa 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, nao ni Padre Antoine Horner na wenzake, walivuka kutoka Unguja wakaanza misioni hapa. Walinunua watoto waliokuwa watumwa, wakawapa nyumba, shamba, shule na ufundi, na watu wazima waliooana wakakaa katika kijiji cha uhuru. Habari hii twaisimulia kwa furaha, na ni haki yetu. Walakini kweli ni kweli hata juu ya nyumba yetu wenyewe: watoto wale hawakuulizwa wapenda kukaa wapi, nao waliishi chini ya kengele na amri kali, wakilima mashamba ya misioni. Mwalimu asiogope kuwaeleza wanafunzi mambo hayo mawili pamoja. Nyumba iliyotunzwa hali habari zake zimepakwa rangi, hiyo haikutunzwa.

Mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, wasimama hata leo, na watu huuita mnara wa Livingstone. Sababu yake mwaijua. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakauchukua mwili wake mabegani zaidi ya kilometa 1,500, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874. Ukalazwa hapa misioni, kisha ukavushwa Unguja, ukaenda kuzikwa London. Wageni wote huja kulitafuta jina la Livingstone. Lakini je, watoto wetu waweza kutaja majina ya Susi na Chuma, waliouongoza msafara ule? Wawili hao hawakuwako siku ya maziko; walifika Uingereza baadaye. Mwenzao Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri na jeneza. Ikiwa mnara ule wahifadhiwa kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyebebwa, na waliombeba wasahauliwe, basi tumehifadhi nusu ya jiwe.

Sitakawia juu ya vita ya mwaka 1888 na 1889, wakati Bushiri bin Salim na watu wa pwani walipowapinga Wadachi. Yatosha kusema ya kuwa mji ulipigwa mizinga, na watu maelfu walikimbilia viwanja vya misioni wakapata kujificha. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Na mwezi ule ule Stanley alifika Bagamoyo pamoja na Emin Pasha, waliotoka naye mbali sana bara. Usiku wa karamu Emin, aliyeokoka katika hatari zote za njia, akaanguka kutoka dirishani akaumia vibaya. Watoto huipenda sana habari hii, nami sioni ubaya kuwasimulia, maadamu mwalimu asiisahau ile ya wale waliokimbilia misioni.

Wadachi waliufanya Bagamoyo makao yao makuu, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya hapa ni machache na meli kubwa hutia nanga mbali. Boma kubwa lililojengwa hapa mwaka 1897 lilikuja baada ya heshima ile kuondoka. Kisha gari la moshi likaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, likafika Kigoma mwaka 1914, na njia ya wapagazi ikaota majani. Bagamoyo ukawa maskini. Nami nasema, umaskini huo ndio uliotuhifadhia mji huu. Hakuna aliyekuwa na fedha za kuibomoa nyumba ya babu yake na kujenga mpya mahali pake. Siku hizi mambo yamegeuka. Barabara ya lami imefika, Dar es Salaam umetanuka mpaka karibu kutugusa, na kiwanja kimekuwa na bei. Mwaka 2013 yalitiwa sahihi mapatano na kampuni ya China juu ya kujenga bandari kubwa sehemu za Mbegani. Mashauri yakakwama, lakini tangu siku zile kila mtu alijifunza kuitazama ardhi kwa jicho jingine. Basi hatuwezi tena kuutegemea umaskini utufanyie kazi yetu.

Sasa nije katika nyumba zenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hupenda kuzitunza nao huziua kwa mapenzi.

Ukitaka kujua kwa nini nyumba hizi zinakufa, yakupasa ujue zilivyojengwa. Mawe yake ni matumbawe ya pwani. Kilichoyashika mawe ni chokaa, nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yale yale juu ya kuni nyingi, kisha kuimwagia maji, kuiacha ikae, na kuichanganya na mchanga. Dari ilichukuliwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, aghalabu meta 3 au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Kuta ni nene, tena laini. Zavuta unyevu kutoka chini, pamoja na chumvi, na kuutoa nje polepole kwa upepo wa bahari. Ukuta wa chokaa hupumua, kama mtu.

Sasa mwenye nyumba aona plasta yake imepukutika. Anunua saruji, kwa kuwa ndiyo iliyoko dukani, na fundi kijana haijui nyingine. Apiga saruji ukuta mzima, na kwa mwaka mmoja au miwili nyumba yang'aa, majirani wasifu. Lakini unyevu hauna mahali pa kutokea. Wakaa ndani, chumvi yakusanyika nyuma ya saruji, na mwisho saruji yabanduka kama gamba, nayo yachukua uso wa jiwe. Mwenye nyumba afikiri saruji ilikuwa haba, aongeza nyingine nzito zaidi. Sisemi saruji ni mbaya. Madarasa mapya yajengwe kwa saruji, nayo yatadumu. Nasema tu ya kuwa ngozi ya chuma haishonwi juu ya mwili wa udongo.

Hata hivyo mwuaji wa kwanza si saruji, ni paa. Bati moja lililotoboka laingiza maji juu ya ukuta, na maji yale yashuka mpaka kichwa cha boriti kilichoingia ukutani. Kichwa chaoza pasipo kuonekana. Siku moja dari yaanguka, nayo ikianguka yauvuta ukuta. Watu husema nyumba imeanguka kwa mvua ya jana, kumbe ilikuwa ikianguka miaka saba. Na mwuaji wa pili ni mche wa mtini. Ndege huileta mbegu, yaota katika ufa. Ukiwa na kimo cha shubiri, mtoto aweza kuung'oa kwa vidole viwili. Ukiwa na kimo cha mtu, kuung'oa ni kuubomoa ukuta. Hapo wapasa kukatwa shinani, na shina kuuawa, na mizizi iachwe ikauke mahali pake.

Liko jambo moja gumu ambalo sina jawabu jepesi juu yake. Nyumba hizi zataka boriti mpya za mikoko, na mikoko ndiyo inayoushika ufuko usiliwe na mawimbi. Kuikata pasipo kibali cha serikali ni kosa, nami naiona amri hiyo kuwa ya haki. Basi fundi afanyeje? Wengine wametia mbao za miti mingine zilizopakwa dawa. Si kama zile za kale, lakini dari yasimama. Kwangu mimi, afadhali nyumba yenye mbao ngeni na watu ndani yake, kuliko gofu lenye boriti za asili.

Waalimu huniuliza: Je, hakuna sheria? Iko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaona shida yake: nyumba nyingi za mawe za Bagamoyo ni za baadaye. Kwa sababu hiyo lilikuwa jambo kubwa mwaka 1983 mji mkongwe ulipotangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sheria ile yalinda pia milango na fremu zake zilizochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940. Nayasema haya wazi, maana milango imeng'olewa na kuuzwa mbali. Yule anayeuza hufikiri auza mbao. Lakini mfaa ule wa katikati, na miimo yake, na kizingiti chenye tarehe na maandiko, ni hati ya nyumba. Fundi aliyeichonga ameweka pale alichokijua yeye na mwalimu wake. Mlango ukiondoka, ukuta wabaki na tundu, na mwaka unaofuata tundu huzibwa kwa matofali.

Mwaka 2006 serikali yetu iliiandikisha njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara mpaka Ujiji, katika orodha ya mahali panapongojea kupokewa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Ni heshima. Lakini jina katika orodha halishiki dari. Mji Mkongwe wa Unguja ulipokewa mwaka 2000, na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilikuwa limesimama mbele ya bahari, likiwa fahari ya mji ule. Tarehe 25 Desemba 2020, hali mafundi wamo kazini wakilitengeneza, upande wake mmoja uliporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba la Sultani, lenye jina duniani kote, lilichelewa kutengenezwa. Itakuwaje nyumba ya mjane wa mtaa wetu?

Na hapa twafika penye mzizi wa shida, ambao haumo katika vitabu vya mafundi. Nyumba ya mawe aghalabu haina mtu mmoja mwenyewe. Babu aliacha watoto, watoto wakaacha wajukuu. Mmoja yuko Mombasa, wawili Dar es Salaam, mwingine Unguja, na mmoja habari zake hazijulikani. Anayekaa ndani hulipa bati kwa fedha yake, lakini siku ya kugawana hatapata zaidi ya wenzake. Basi kwa nini alipe? Kila mmoja angoja mwenzake, na mtini haungoji. Nimeona jamaa walioketi pamoja, wakaandika majina ya warithi wote, wakamchagua mmoja kuwa mwangalizi, wakapatana ya kuwa kodi ya chumba cha chini itatengeneza paa kabla ya mtu yeyote kupewa shilingi. Hawakuhitaji msaada wa Ulaya. Walihitaji karatasi moja na uvumilivu wa siku tatu. Mapadre na mashehe wanaosikilizwa katika jamaa wangefanya kazi kubwa zaidi ya mafundi, kama wangewaita warithi waketi namna hii.

Nimewataja mashehe kwa kusudi. Mji huu si wa misioni. Sisi tuliupokea kwa wenyewe, na wengi wa wenyeji ni Waislamu. Mwalimu akiwaonyesha watoto kanisa na mnara tu, amewaonyesha ua wetu, hakuwaonyesha mji. Awaonyeshe shule iliyotokana na Sewa Haji, tajiri Mhindi, aliyetaka watoto wa kila kabila wafundishwe pamoja katika siku ambazo wakubwa wengi hawakutaka hivyo. Awatajie Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapa hapa, aliyefundisha Kiswahili Berlin, na ambaye maandiko yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa mwaka 1903. Awatajie Shehe Ramiya, aliyekufa mwaka 1931. Huyu alizaliwa mbali, katika nchi za Kongo ya mashariki, akaletwa pwani angali mtoto, ni mtumwa; akasoma, akawa mwalimu mkuu wa twarika ya Kadiria, na waungwana wa mji wakaketi mbele yake kujifunza. Mtoto asikiapo habari hiyo karibu na pale yalipotua misafara, ataelewa utumwa ulikuwa nini, na mtu ni nini, kuliko kwa somo la wiki nzima darasani.

Basi kwa waalimu ombi langu ni hili. Kila darasa la juu lichukue nyumba moja, moja tu. Watoto waombe ruhusa kwa mwenyewe, kwa adabu, wasiingie kama watalii. Wapime baraza na mlango kwa kamba yenye mafundo ya meta, waandike vyumba vingapi, dari ni ya nini, ufa uko wapi, mche umeota wapi. Wamwulize mzee wa nyumba nani aliijenga, nani alizaliwa humo, fundi wa chokaa alikuwa nani. Mafundi waliojua kuichoma chokaa na kuingoja wamebaki wachache, nao ni wazee. Kijana mmoja akikaa na mzee mmoja kwa kiangazi kimoja, ufundi umevuka. Yote yaandikwe mara mbili, nakala moja ikae shuleni, ya pili apewe mwenye nyumba. Mwaka ujao darasa lingine litaitazama nyumba ile ile na kuandika ufa umekua kiasi gani.

Kwa watu wa parokia, kazi ni ya mikono. Mifereji ya paa la kanisa na ya nyumba ya mapadre imejaa majani ya miembe, nayo yapasa kusafishwa kabla ya masika. Baada ya hayo, kuta za makaburi yetu zina miche ya mitini isiyopungua thelathini, nilihesabu juzi, na mingi yake bado ni ya kung'olewa kwa vidole. Tutaanza Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Wanaume waje na ngazi na panga, vijana waje na ndoo. Tena majirani zetu wa msikiti wa mtaa wa chini wameniomba tuwapelekee ngazi ile ndefu tukimaliza, kwa kuwa paa lao nalo lina mche. Nimewaahidi ya kuwa itafika kabla ya adhuhuri, pamoja na vijana wanne wa kuishika.